Barua Imetaja Sigalagala: Kwa Nini Wanafunzi Wengine Hufaulu

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa na shughuli ya kuomba vyuo kupita, nyumba kadhaa za pwani hupokea habari yenye jina geni. Binti wa Likoni, au kijana wa Faza au wa Malindi, huambiwa kwamba amepangiwa nafasi katika chuo cha ufundi cha kitaifa cha Sigalagala. Swali la kwanza nyumbani huwa, ni wapi huko? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu jikoni, nalo ni zito zaidi: ina maana mtoto wetu ameanguka?

Wiki hii tumeona vyema tuyashike maswali hayo mawili kwa pamoja, kwani jibu la lile la pili limelala karibu sana na mahali panapotajwa katika lile la kwanza.

Sigalagala iko kaunti ya Kakamega, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu. Msafiri hupanda vilima, akapita Mbale na Chavakali, na kabla ya kuufikia mji wa Kakamega hulikuta lango la chuo. Ni nchi ya Waisukha na Waidakho, watu wa mafahali wa kupiganishwa na wa ngoma ya isukuti, ile ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Kwa miezi mingi ya mwaka mvua hunyesha alasiri, na mtoto aliyezoea joto letu hana budi kufungasha sweta. Wali wa nazi hatauona ovyo. Atakuta ugali, mrenda na kuku wa kienyeji, ambaye kwa watu wa huko ndiye heshima ya mgeni. Na msikiti? Mji wa Kakamega una msikiti wa Jamia, na Mumias, ambayo si mbali, ni mji uliokaliwa na Waislamu tangu zama ambazo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mtawala aliyefariki mwaka 1949. Basi si kweli kwamba mtoto wetu anapelekwa mahali ambapo adhana haijasikika. Babu zetu walitangulia, tena kwa miguu.

Chuo chenyewe hufunza umeme, ujenzi, mitambo, kompyuta, biashara, mapishi na kazi za hoteli, pamoja na fani nyinginezo. Mzazi na aelewe ngazi zake. Mpaka wa kuingia shahada ya chuo kikuu ni alama ya C+ katika mtihani wa KCSE. Aliye chini ya hapo hadi C- aweza kusomea diploma katika chuo cha ufundi. Mwenye D husomea cheti. Na chini yake bado upo mlango wa ufundi stadi. Hapa ndipo penye mzizi wa ile sauti ya chini ya jikoni. Kwa kuwa ngazi zimepangwa kwa alama, tumezoea kudhani kwamba anayeshika waya na nyundo ni yule aliyeshindwa kushika kalamu, na kwamba kalamu hushikwa na wale tu waliojaaliwa kichwa chepesi.

Je, ni kweli kwamba wanaofaulu ni waliojaaliwa? Katika miaka ya 1980 wataalamu wawili wa Kimarekani, Harold Stevenson na James Stigler, waliwauliza kina mama wa Sendai huko Japani, wa Taipei, na wa Minneapolis huko Marekani, ni kipi kinachomfanya mtoto afanye vizuri katika hisabati. Mama wa Japani na wa Taiwan walielekea kutaja bidii. Mama wa Marekani walielekea zaidi kutaja kipaji cha kuzaliwa. Watoto wa wale waliotaja bidii ndio waliokuwa mbele kwa alama. Hatudai kwamba neno la mama peke yake linatosha. Lakini tujisikilize sisi wenyewe: ni mara ngapi tumesema mbele ya mtoto mwenyewe, tena mbele ya wageni, kwamba "huyu masomo hakujaaliwa, labda mdogo wake"? Twaitwika Qadari mzigo ambao pengine ni wa meza isiyo na taa, wa mwalimu asiyefika, au wa lugha isiyoeleweka.

Na hapo ndipo Kakamega na jirani zake wana jambo la kutufunza. Tangu miaka ya 1990, sehemu hiyo ya magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia na Teso hadi Bungoma na Butere-Mumias, imechunguzwa sana na wataalamu wanaotaka kujua kwa nini mwanafunzi huyu hufaulu na yule akabaki nyuma. Mmoja wao, Michael Kremer, alikuwa ameishi na kufundisha katika wilaya ya Kakamega alipokuwa kijana, katika miaka ya 1980. Mwaka 2019 alitunukiwa nishani ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa uchunguzi wa aina hiyo hiyo.

Tutaueleza kwa kirefu uchunguzi mmoja tu, maana ndio uliotusimamisha. Mwaka 1996 shirika moja la misaada lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso. Shule za kupewa mwanzo zilichaguliwa kwa mfano wa kura, na nyingine zikangoja zamu yao, ili alama za hawa na wale zipate kulinganishwa. Darasani kitabu kimoja kilikuwa kikisomwa na watoto wengi, pengine hakikuwepo kabisa. Nani angeshuku kwamba vitabu vingeinua alama? Mitihani ilipokuja, wastani haukupanda. Watafiti walipozitazama alama moja moja, waliona kwamba vitabu vile viliwafaa watoto wa aina moja tu: wale ambao tangu hapo walikuwa mbele.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuikubali. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa Busia ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Tena vilifuata mtaala ambao mwendo wake ni wa mtoto wa mjini, ambaye baba na mama yake wamesoma. Wengi katika darasa hawakuweza kuvisoma vitabu walivyopewa. Kitabu kilikuwa barua iliyoandikiwa mtu mwingine. Yule mtoto wa kwanza darasani alifaulu, naam, kwa akili na kwa bidii yake. Lakini pia kwa sababu yeye ndiye aliyeandikiwa.

Miaka tisa baadaye Kremer, akiwa na Esther Duflo na Pascaline Dupas, alirudi katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure mwaka 2003 na madarasa yamefurika. Shule zilipewa mwalimu wa ziada na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule watoto walichanganywa tu; katika nusu nyingine waligawanywa kwa kadiri ya walivyojua, waliotangulia huku na waliochelewa kule. Mzazi yeyote angehofia kwamba wale wa darasa la waliochelewa wangeachwa wafe kimasomo. Ilikuwa kinyume. Katika shule zilizogawanya kwa viwango, makundi yote mawili yalipata alama bora kuliko wenzao wa shule zilizochanganya. Mwalimu wa waliochelewa, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwepesi wa kumjibu upesi na kumdanganya kwamba darasa limeelewa, alilazimika kuanza pale waliposimama wanafunzi wake.

Ndugu wasomaji, jambo hilo sisi twalijua, ila tumelisahau kwamba twalijua. Hebu tukumbuke chuo, kwa maana yake ya zamani: jamvi, ubao, wino, na mwalimu mmoja mwenye watoto thelathini. Mtoto huyu alikuwa kwenye alifu na bee. Aliyemkaribia alikuwa akiunganisha irabu. Wa tatu yuko juzuu ya Amma. Na yule mkubwa, aliyekaribia kuhitimu msahafu, alitumwa kuwasikiliza wadogo. Hapakuwa na darasa la pili wala la tatu. Kila mmoja alikuwa na somo lake, hatoki hapo mpaka amelisoma mbele ya mwalimu bila ya kukosea, na akishalisoma hangoji mtu. Yule aliyekawia miaka miwili zaidi hakuambiwa ameanguka. Aliambiwa bado. Siku ya hitima yake halua ilikuwa ni ile ile, na kahawa ni ile ile.

Hatulipambi jambo hili kupita kiasi. Katika vyuo hivyo hivyo palikuwa na fimbo isiyo na haki, na wengi walitoka wakiyasoma maneno wasiyojua maana yake mpaka wakaingia kaburini. Lakini mpango wenyewe, wa kumwanzia kila mtoto pale alipo, wataalamu wa leo wanasafiri masafa kuutafuta.

Mwaka 1981 Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha uchunguzi wao wa miaka kadhaa miongoni mwa Wavai wa Liberia. Watu hao wana njia tatu za kusoma: chuo cha Qur'ani kwa Kiarabu, maandishi yao wenyewe ya Kivai yanayofunzwa nyumbani, na shule ya Kiingereza. Waliopita chuoni waliwazidi wengine katika jaribio la kukumbuka maneno kwa mpangilio, neno likiongezwa baada ya neno, ambavyo ndivyo hasa aya zinavyohifadhiwa. Waliopita shule waliwazidi katika kueleza kwa maneno sababu za majibu yao. Kila elimu ilizaa tunda lake, na hakuna iliyowapa watu akili ya jumla waliyokuwa hawana. Kwa hiyo hafidhi mdogo anayekwama kwenye hesabu za sehemu si mjinga aliyebahatika kukumbuka, wala bingwa wa hesabu asiyeweza kushika sura ndefu si mwenye moyo uliofungwa. Wamefunzwa mambo mawili, kwa njia mbili.

Karibu zaidi na Sigalagala, huko Usenge kwenye ufuo wa ziwa, Robert Sternberg na wenzake walitoa mwaka 2001 habari ya watoto wa Kijaluo waliopimwa kwa mitihani ya aina mbili. Mmoja ulikuwa wa kishule. Mwingine uliuliza ni mti gani wa kutibu ugonjwa gani, na kwa kiasi gani. Watoto waliozijua dawa za miti vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini zaidi katika msamiati wa Kiingereza. Si kwamba majani hupumbaza. Siku ina saa zake, na aila inayoona kwamba mtoto hatafika mbali na shule humpa saa nyingi za elimu itakayomlisha. Sisi tunaye huyo mtoto. Yuko Vanga, yuko Kipini, anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi likianza lini na samaki gani anavuliwa wapi, na yuko Matondoni akishika shoka ya kuchongea jahazi pamoja na babaye. Kwenye karatasi ya mtihani wa taifa mambo hayo yote yana alama sifuri.

Vyuo vya ufundi kama Sigalagala sasa vinakwenda kwenye utaratibu wa kupima umahiri, ambamo mwanafunzi hutazamwa akifanya kazi yenyewe: kuunganisha nyaya, kupima ukuta, kutayarisha chakula cha watu arubaini. Atakayeshindwa huandikiwa kwamba hajawa mahiri bado, na hurudia. Tulipolisoma neno hilo, "bado", lilitukumbusha jamvi la chuoni.

Lakini kupima vizuri hakutoshi pasipo na imani baina ya nyumba na shule. Huko Busia na Teso, mwaka 2001, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kwamba wale watakaoingia katika asilimia 15 ya juu katika wilaya yao watalipiwa karo na kupewa fedha za sare na vitabu kwa miaka miwili. Busia alama zilipanda, hata za wasichana ambao hawakuwa na tamaa ya kushinda, na walimu wakaanza kuhudhuria zaidi. Teso matokeo hayakuwa dhahiri. Mwaka huo huo radi ilikuwa imepiga shule moja ya huko na kuua watoto, na baadhi ya wazazi wakaihusisha balaa hiyo na shirika lililoleta msaada, wakajitoa. Mpango ulikuwa mmoja, na fedha zilikuwa zile zile.

Tusiwacheke watu wa Teso, kwani pwani ilijitoa kwa miongo mingi zaidi, na kwa sababu iliyo wazi. Skuli za mwanzo za kimisheni katika nchi hii zilikuwa kwetu: Rabai, alikokaa Ludwig Krapf katika miaka ya 1840, na Freretown, iliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa watu walioachwa huru kutoka utumwani. Skuli na kanisa vilikuwa chini ya paa moja, na Muislamu aliyemzuia mwanawe asiingie alikuwa akilinda dini yake. Kwa watu wa magharibi mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1902 Wakweka wa Kimarekani waliingia Kaimosi, mwendo mfupi kutoka Sigalagala, na misheni yao waliitia katika jina lake lenyewe neno la kazi za mikono. Walisomesha na walipasua mbao. Wakatoliki nao wakajenga Mukumu, jirani kabisa na Sigalagala. Wakakamega wengi waliipokea dini na skuli kwa pamoja, na kufikia kizazi cha tatu walikuwa na walimu wa kutosha kusambaza nchi nzima, wakiwemo wengi waliokuja kuwafundisha watoto wetu huku pwani. Pengo la alama tunaloliona leo halikuanzia kwenye vichwa vya watoto. Lilianzia hapo.

Serikali ilifungua skuli ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, kwa wachache. Kisha katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitumia magazeti yake, As-Sahifa na kisha Al-Islah, kuwakemea Waislamu wa pwani kwa kuiacha elimu ya dunia mikononi mwa wengine, na kuwataka wawasomeshe na mabinti. Alichotaka ni skuli ambayo mtoto hatatakiwa kuuza imani yake mlangoni. Vitabu vya sira husimulia kwamba baadhi ya mateka wa Badr waliojua kuandika walijikomboa kwa kufundisha kila mmoja watoto kumi wa Madina. Walimu wale hawakuwa Waislamu, na elimu yao haikukataliwa.

Skuli ya namna hiyo ilipopatikana, ilikuwa ya ufundi. Tunalisema hili kwa wanaoona haya kutamka "politekniki" mbele ya jirani. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Sultani wa Zanzibar alichanga pauni 100,000, Aga Khan pauni 100,000, kiongozi wa Mabohora pauni 50,000, na serikali ya Uingereza pauni 50,000. Fedha zote hizo, za zama zile, zilitolewa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze kazi za ufundi. Baadaye ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, tunapopita kila siku bila ya kukumbuka.

Na katika ofisi za MIOME alikuwamo karani mmoja kijana, mwana wa Sheikh Al-Amin huyo huyo. Babake alifariki mwaka 1947, yeye akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Katika mtihani wa Cambridge wa mwaka 1949 alipata daraja la tatu, lisilotosha kumwingiza Makerere. Kwa hesabu ya jikoni, ameanguka. Siku moja taasisi iliadhimisha Maulidi ya Mtume (S.A.W.), gavana wa Kenya Sir Philip Mitchell akiwa mgeni, na karani yule akapewa nafasi ya kuhutubia. Gavana alimsikia, akaulizia habari zake, na mlango ukaanza kufunguka. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Huddersfield, Uingereza. Kutoka huko akaenda Manchester, Columbia na Oxford. Makerere iliyokuwa haimtaki kama mwanafunzi ilikuja kumfanya profesa. Huyo ni Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 na kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake. Kwamba alikuwa na akili, hakuna ashukuye. Tunachouliza ni kuhusu Maulidi yale: angalikuwa wapi lau yule aliyepanga wasemaji angalisema, huyu si ni karani tu aliyefeli?

Turudi kwa binti mwenye barua. Mama zetu wengi wametueleza hofu yao, na hatuioni kuwa ya kijinga. Wanauliza habari za malazi, za nyama iliyochinjwa kihalali, za stara, za nani atakayejua binti akiugua usiku. Mwezi wa Aprili 2023 shule ya wasichana ya Mukumu, moja ya shule zenye sifa kubwa ya masomo katika eneo hilo hilo, ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufariki. Sifa ya alama haikuwa kinga. Mzazi anayeuliza habari za maji na jiko kabla ya kuuliza habari za maktaba, huyo ameuliza kwa mpango sawa. Kule Busia kulifanywa pia uchunguzi wa dawa za minyoo katika shule 75: utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopewa dawa. Mtoto mwenye afya huhudhuria, na asiyehudhuria hata awe na kipaji gani hafundishiki. Kwale na kichocho chake walijue hilo.

Hofu nyingine ni ya fedha, na ndani yake mna jambo la dini. Mkopo wa HELB, ambao wanafunzi wengi wa vyuo vya ufundi huuomba, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kuna familia zinazouchukua kwa kusema ni dharura, na kuna zinazoukataa kabisa. Hukumu yake tunawaachia masheikh wetu. Lakini haifai jamii iukatae mkopo kwa niaba ya binti kisha imwache akae nyumbani. Kwenye misikiti yetu huchangwa fedha za harusi kwa wiki moja. Basari za kaunti na za mfuko wa maeneo bunge nazo zipo, na fomu zake hurudi kwa mapengo kwa sababu wazazi hawakuambiwa mapema.

Jambo la mwisho linawahusu walio na barua mkononi wiki hii. Pigeni simu chuoni wenyewe, kwa nambari iliyo kwenye barua ya kujiunga, na muulize kama bweni lina nafasi au binti atapanga nje, na kama wapo wanafunzi wa Kiislamu waliotangulia ambao anaweza kuunganishwa nao kabla ya safari. Ulizeni msikiti ulio karibu na ni umbali gani. Awepo mtu wa kumsindikiza mara ya kwanza, mjomba au mama mwenyewe, alale huko siku mbili, aonje chakula, ayaone maji.

Na kabla ya hayo yote aulizwe binti mwenyewe, bila ya jirani kuwepo: fani iliyoandikwa hapa ndiyo uliyoiomba? Wengi hujaziwa maombi na mhudumu wa saiba, haraka haraka, foleni ikiwa nje, na hugundua baada ya barua kufika kwamba aliyetaka umeme amepangiwa mapishi, au aliyetaka mapishi amepangiwa ujenzi. Makosa hayo hurekebishika. Dirisha la kuomba kuhamishwa chuo au fani hufunguliwa kwa siku chache tu, na hutangazwa kwenye mtandao wa KUCCPS, si kwenye redio.